Mwiba wa Paulo na Kapu la Dameski

Liko jibu moja katika mlango wa 12 wa Waraka wa Pili kwa Wakorintho ambalo karibu kila Mkristo analijua kwa moyo. Ni lile alilopewa Paulo alipoomba aondolewe mwiba uliokuwa ukimtesa. Twalisikia misibani, twalisikia hospitali, twaliona limeandikwa juu ya milango ya nyumba na ubavuni mwa magari. Nami nimelifundisha miaka mingi, wala sikupata kulichungua, hata siku moja mwaka jana mama mmoja wa mtaa wetu aliponiuliza neno lililonirudisha nyumbani nikausome waraka wote upya.

Mama huyu ni mjane, na mguu wake una kidonda kisichopona. Mhubiri mgeni alikuwa amemtembelea, akamsomea mstari ule mmoja, akamwambia kwamba ugonjwa wake ni zawadi, asiuombee tena uondoke, maana kuomba hivyo ni kukosa imani. Akafunga kitabu, akaenda zake. Nilipofika jioni nalimkuta amekaa kimya. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi Paulo mwenyewe hakuomba?" Nikamjibu, "Aliomba, Mama. Aliomba mara tatu." Akasema, "Basi mbona mimi nakatazwa hata ya kwanza?"

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, na haya ninayoyaandika ni mavuno ya kulitafuta. Nimeona ya kuwa mhubiri yule aliung'oa mstari katika shamba lake. Ukisomwa peke yake, waweza kuwa neno la wenye nguvu la kuwanyamazishia wanyonge. Ukisomwa mahali pake, ni neno la mnyonge mmoja aliyesimama mbele ya wenye nguvu waliomcheka. Tofauti hiyo si ndogo, nayo haionekani mpaka mtu aanze kusoma toka mlango wa 10.

Tuanze na mji wenyewe. Korintho ya kale iliharibiwa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo, ikakaa magofu karibu miaka 100, hata Julius Caesar akaamuru mwaka 44 kabla ya Kristo ijengwe upya. Wengi wa waliopelekwa kukaa humo walikuwa watu waliopata kuwa watumwa, kisha wakaachwa huru. Mji ulikuwa na bandari upande huu na upande huu wa shingo nyembamba ya nchi, mali zikapita, na fedha zikapatikana upesi. Mtu ambaye babu yake aliuzwa sokoni aliweza kuwa tajiri, naye akitajirika alitaka ijulikane: jina lake lichongwe katika jiwe, akae mbele karamuni, asikike akisema vizuri barazani. Wasemaji wenye ufasaha walilipwa, wakashindana kama wapigana mieleka, na wasikilizaji walikuwa wepesi kumpima mtu kwa sauti yake, umbo lake na mavazi yake. Watu wa namna hii twawajua. Hawakwisha pamoja na Korintho ile.

Paulo alifika humo yapata mwaka 50, akakaa mwaka mmoja na miezi sita, na kazi ya mikono yake ilikuwa kushona hema pamoja na Akila na Prisila. Alipokwisha kwenda zake wakaja wahubiri wengine, wenye barua za kuwasifu na ulimi mwepesi. Mlango wa 10 umetuwekea shitaka lao: kwamba Paulo akiwa mbali na kalamu mkononi ni simba, lakini akisimama mbele ya watu hana umbo wala ufasaha. Tena yuko na kosa jingine, ambalo kwetu lingekuwa sifa. Alikataa kulipwa. Kwa Wakorintho mwalimu asiyelipwa alikuwa mwalimu asiye na thamani, na mwalimu anayeshona kwa mikono yake aliwaaibisha wanafunzi wake mbele ya jirani zao.

Hapa ndipo neno udhaifu linapoingia katika waraka, nalo limeingia kama tusi, kutoka vinywani mwa watu waliomdharau. Anayelisahau jambo hili atausoma mlango wa 12 wote vibaya. Wako wataalamu wanaodhani kwamba milango ya 10 hadi 13 ilikuwa barua ya peke yake, kwa sababu sauti yabadilika ghafula baada ya mlango wa 9. Mimi silikati shauri hilo. Lakini msomaji yeyote akisoma kwa sauti ataisikia radi ikija.

Basi mtu akitukanwa kuwa ni mnyonge, kwa kawaida hukana, au hunyamaza. Paulo amelipokea tusi, akalivaa kama joho. Atangaza kwamba naye atajisifu, lakini kwa kazi ya mpumbavu, tena aomba radhi mara kwa mara kama mtu apitaye penye matope. Halafu aanza kuhesabu. Mijeledi ya Wayahudi mara 5, kila mara mapigo 39, maana Torati ilikataza kupita 40. Bakora mara 3. Mawe mara 1. Chombo kuvunjika baharini mara 3, na usiku na mchana akielea kilindini. Kisha hatari za namna 8, za mito na za wanyang'anyi na nyinginezo. Njaa, kiu, baridi, uchi.

Ajabu yake ni kwamba humo hamna hadithi hata moja. Vyombo vilivunjikia wapi? Nani aliyemwokota? Kitabu cha Matendo chatusimulia chombo kimoja tu kilichovunjika, kile cha mlango wa 27, nacho kilivunjika baada ya maneno haya kuandikwa. Kwa hiyo hivyo vitatu ni vingine kabisa. Katika zile bakora tatu Matendo yatuonyesha moja tu, ya Filipi. Mijeledi mitano haikutajwa mahali popote pengine. Mwandishi mwingine angefanya kitabu kizima cha kila moja, lakini Paulo amezipa neno moja moja na hesabu.

Kwa nini hesabu? Nadhani ni kwa sababu hivyo ndivyo wakubwa wa Rumi walivyojisifu. Kaisari Augusto, aliyekufa mwaka 14, aliacha habari za matendo yake, zikachongwa ukutani, na nakala moja ingali yaonekana Ankara, nchini Uturuki. Humo amehesabu kwamba alikuwa konsuli mara 13, na kwamba alishangiliwa kuwa jemadari mshindi mara 21. Wakorintho walikuwa watu wa koloni ya Kirumi. Walizoea kusoma sifa za wakubwa katika mawe. Paulo amechukua kipimo kilekile, akapimia mapigo aliyopigwa yeye.

Na juu ya hesabu hiyo ameweka kapu. Mlango wa 11 wamalizika kwa kisa kifupi: liwali wa mfalme Areta aliulinda mji wa Dameski ili amkamate, naye akashushwa dirishani, ndani ya kapu, ukutani. Msomaji mwenye haraka huona kana kwamba kisa hiki kimeanguka tu hapo, kama kitu kilichosahauliwa kikarudishwa mwisho. Lakini katika jeshi la Kirumi, askari wa kwanza kuupanda ukuta wa mji wa adui alipewa taji ya dhahabu iliyofanywa kwa umbo la ukuta. Ilikuwa heshima kubwa iliyojulikana sana. Paulo, baada ya kuahidi kujisifu, atuambia jinsi alivyoshuka ukuta, kama mtu ashushavyo samaki sokoni. Baadhi ya wataalamu wameliona jambo hili, nami naona wamelenga. Nikikisoma kisa hiki darasani watoto hucheka, na sidhani kwamba Paulo angewakataza.

Mlango wa 12 waendelea kwa mtindo huohuo. Wapinzani walijisifu kwa maono, basi na Paulo analo ono, la miaka 14 iliyopita. Amelisimulia kana kwamba ni la mtu mwingine. Hajui kama mtu huyo alikuwa mwilini au nje ya mwili. Na maneno aliyoyasikia huko hayana ruhusa kutamkwa. Angalieni alivyofanya. Ametupandisha mpaka mbingu ya tatu, kisha ameturudisha mikono mitupu. Neno tulilopewa na Bwana katika mlango huu limetoka mahali pengine, katika sala iliyokataliwa.

Mwiba ulikuwa nini? Wino mwingi umemwagika. Tertuliano alisikia kwamba ni maumivu ya sikio au ya kichwa. Yohana Krisostomo aliona ni watu waliompinga. William Ramsay, aliyetembea sana katika Asia Ndogo, alisema ni malaria. Wengine wasema macho, kwa ajili ya neno moja katika Waraka kwa Wagalatia. Nionavyo mimi, mtu aliyeweza kuhesabu bakora zake hakushindwa kuutaja ugonjwa wake. Hakutaka. Tumwachie siri yake.

Lenye maana zaidi ni kwamba mwiba huo umepewa asili mbili katika sentensi moja. Asema kwamba alipewa, na katika Maandiko asemapo mtu hivyo bila kumtaja mtoaji, aghalabu Mungu ndiye anayefahamika. Papo hapo auita mjumbe wa Shetani, na kitenzi alichokitumia ni cha kupiga kwa ngumi. Hakuchagua moja akaitupa nyingine. Mhubiri wetu alilichukua neno la kwanza, akaliacha la pili. Wala Paulo hakusema kwamba mwiba ni mzuri. Alitaka uondoke, akaomba mara 3, kama Bwana wake alivyoomba mara 3 bustanini Gethsemane kwamba kikombe kimpite. Wala hakuna hata mmoja wa hao wawili aliyekemewa kwa kuomba. Na katika mlango wa 13 Paulo mwenyewe ayaunganisha hayo, asemapo kwamba hata kusulibiwa kwa Kristo kulikuwa kwa udhaifu, na kuishi kwake ni kwa nguvu za Mungu. Tena ni Paulo huyuhuyu aliyefurahi Epafrodito alipopona ugonjwa uliomfikisha karibu na kufa, akasema kwamba ni Mungu aliyemhurumia. Na katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo twasoma shauri la mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Sioni humo katazo la sala, wala la dawa.

Sasa niruhusuni niseme juu ya tafsiri, maana mimi ni mwalimu wa lugha na mambo haya hunikosesha usingizi. Tafsiri ya Muungano, iliyochapwa mwaka 1952, ndiyo isomwayo katika makanisa yetu mengi, nami naipenda kwa Kiswahili chake kilichonyoka. Lakini katika mstari wa 9 jibu la Bwana limeingizwa kwa neno akaniambia. Umbo hili lenye -ka- ni la kuisukuma hadithi mbele: aliomba, akaambiwa, ikaisha. Kiyunani hakikutumia umbo la hadithi hapo. Kuomba kwa Paulo kumesemwa kama jambo lililotendeka likapita. Kujibiwa kwake kumesemwa kama jambo lililotendeka na ambalo lingali limesimama. Nasi umbo hilo tunalo tayari, nalo ni ameniambia. "Mgeni alikuja" na "mgeni amekuja" si habari moja. Ukisikia ya pili, waenda kubandika chungu. Sala za Paulo zimekwisha, lakini jibu lake bado limekaa nyumbani mwake siku aandikapo. Na jibu lenyewe, kwa maneno yangu, ni kwamba alichokwisha kupewa kinamtosha, na kwamba pale mtu anapokosa nguvu zake, nguvu za Bwana hazipungukiwi na kitu.

Neno la pili katika tafsiri ni zito zaidi. Mwisho wa mstari ule Paulo aeleza kwa nini aufurahia udhaifu wake, na hapo watafsiri wetu wametia kitenzi kukaa: uweza wa Kristo wakaa juu yake. Si kosa. Lakini kitenzi cha Kiyunani kimetokana na neno la hema. Maana yake ni kuja kupiga hema juu ya mtu, kutua hapo na kumfunika. Sasa tukumbuke ni nani anayeandika, na awaandikia nani. Ni mshona hema. Mikono yake waliyoionea haya waliitazama miezi 18 ikipitisha sindano. Sithubutu kusema kwamba alikusudia mzaha. Lakini nashindwa kuamini kwamba Wakorintho walilisikia neno la hema kutoka kwake bila kuikumbuka karakana ya Akila. Kazi ile waliyoihesabu kuwa aibu yake ndiyo imempa neno la kusema jambo kubwa kuliko yote katika waraka.

Na hema ina tabia zake. Ardhi iliyo chini ya hema hubaki ardhi ileile, na mawe yake na visiki vyake. Lililo jipya ni kwamba mtu amekuja kukaa hapo. Wana wa Israeli hawakuambiwa kwamba jangwa limekuwa bustani. Waliona hema ya kukutania katikati ya kambi, na nje yake mchanga uleule. Kadhalika katika mlango wa 4 wa waraka huuhuu hazina imewekwa katika vyombo vya udongo, na mwanamke yeyote aliyepata kutoka kisimani na mtungi kichwani ajua kwamba mtungi haugeuki chuma kwa sababu ya kilichomo. Kwa hiyo siwafuati wale wafundishao kwamba udhaifu wenyewe ni nguvu, kana kwamba mgonjwa akivumilia vya kutosha ugonjwa utageuka kuwa afya ya namna nyingine. Kidonda ni kidonda. Njaa aliyoihesabu Paulo ilikuwa njaa.

Wala siwafuati wanaoufanya mstari huu kuwa kichaka cha uvivu. Mwanafunzi wangu mmoja, nilipomwuliza kwa nini hakufanya hesabu zake, alinijibu kwa mstari huu, tena kwa sauti nzuri. Nalimwambia kwamba mtu aliyeuandika alifanya kazi usiku na mchana asiwalemee watu, kama tusomavyo katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, na kwamba hesabu zake nitazingoja mpaka saa kumi.

Sitaficha pia kwamba yapo mahali katika milango hii ninapojikwaa. Paulo awaita wapinzani wake watumishi wa Shetani, na kejeli zake ni kali kama pilipili. Barua zao hazikutufikia, hivyo twasikia upande mmoja tu wa kesi. Ziko saa nilizotamani angalikuwa mpole zaidi. Lakini ukali huo wanisaidia kuamini. Aliyekubali kuitwa mnyonge hapa hakuzaliwa mnyenyekevu. Ni mtu mwenye moto, mwepesi wa kujibu, ambaye kabla ya kupigwa mijeledi aliwapeleka wengine gerezani. Maneno ya namna hii yangalikuwa rahisi kinywani mwa mtu baridi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nalirudi kwa yule mama, nikamsomea milango yote minne mfululizo bila kuifafanua. Haizidi nusu saa. Kwenye bakora aliguna. Kwenye kapu alicheka mpaka akashika ubavu. Kwenye mbingu ya tatu hakusema kitu. Nilipofika kwenye mwiba aliinua mkono nisimame, akasema, "Kumbe naye ilimuuma."

"Ilimuuma, Mama."

"Endelea."

Kesho yake ilikuwa zamu yake ya kwenda zahanati kufungwa kidonda, na kijana wa jirani ndiye ampelekaye kwa baiskeli. Nilipokuwa nikiaga akaniuliza kama Paulo amewataja kwa majina wale walioshika kamba ya lile kapu. Nikatazama tena mwisho wa mlango wa 11. Hakuwataja, asema tu kwamba alishushwa. Nikafungua Matendo, mlango wa 9, nikamwonyesha kwamba walikuwa wanafunzi, na kwamba walifanya kazi hiyo usiku.

"Usiku," akasema, "na mtu mzima ndani yake."

Akaniomba nimwekee alama hapo kwa uzi.